Anyesi na Krismasi ya Septemba

Anyesi mke wa Kastori alibeba majani kichwani kwa miaka thelathini na saba, na msidhani natia chumvi. Kila siku ya Mungu, alfajiri, alishuka kutoka kihambani kwake, shamba lake la migomba juu ya Tarakea, mpaka tambarare karibu na mpaka wa Kenya, akakata, akafunga mzigo kwa kamba ya katani, akajitwika, akaupanda mlima. Kushuka saa moja na nusu, kupanda saa tatu. Jumapili alipumzika, tena nusu: akitoka misa ya kwanza alivua viatu vya kanisani, akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akashika mundu.

Majani yalikuwa ya dume. Nyumba ile kila mwaka ilifuga dume mmoja wa kunenepesha, amefungwa bandani, hatoki nje hata kuota jua, kazi yake kula na kunya. Ng'ombe wa mlimani haendi malishoni. Malisho ndiyo yanamjia yeye, juu ya kichwa cha mwanamke. Na dume huyo alinenepeshwa kwa jambo moja tu, Krismasi, wakati ukoo mzima uliporudi nyumbani kutoka Dar, Mwanza, Nairobi na kila mahali penye kona ya kufungulia duka. Walikuja na magari, na watoto wasiojua Kichagga, na suti. Dume akawa ameiva, na wao wakawa na njaa.

Kuchinja kulikuwa kazi ya wanaume, na kugawa kulikuwa kazi ya wanaume zaidi. Walikusanyika nyuma ya nyumba kwenye migomba, wakatandika majani ya mgomba chini, na kila kipande kikatajiwa mwenyewe. Paja la huyu, shingo ya wale, ulimi wa fulani, hata kwato zilikuwa na mrithi. Wanawake walipewa utumbo waoshe, na baadaye kipande cha mgongo, ahsante mama kwa kazi. Kidari, ile nyama nene ya kifuani, kilikuwa cha mkubwa wa ukoo peke yake. Hakikugawanywa wala hakikuonjwa. Kilifungwa kwenye jani la mgomba na kupelekwa kwa Mzee Ildefonce, kaka mkubwa wa Kastori, ambaye alikipokea kwa mikono miwili, akafumba mdomo kama askofu, akaondoka nacho kwenda kukila kwake. Mkubwa hali hadharani, alisema.

Krismasi ya kwanza ya ndoa yake, mwaka sitini, Anyesi alikiona kidari kikipita mbele ya macho yake, kinene, kimepambwa mafuta, kimetoka kwa mnyama aliyemlisha mwenyewe, akamwuliza mumewe kina ladha gani. Kastori naye hakujua. Lakini alikuwa kijana na alikuwa amependa, na kijana aliyependa huahidi hata visivyo vyake. Alimwambia siku atakapokuwa mkubwa wa ukoo, kidari cha kwanza atakula yeye Anyesi, tena mbele za watu, ili wajue nani alimlisha ng'ombe. Anyesi aliliweka neno hilo moyoni. Alilibeba pamoja na majani, mwaka baada ya mwaka, akimngoja Ildefonce atangulie mbele za haki, Mungu amsamehe. Ildefonce hakuwa na haraka. Mwaka tisini na moja Kastori ndiye akatangulia, akiwa bado namba mbili, na kidari kikaendelea kupita.

Sasa nisikilizeni habari za Vedastus, kwa maana bila huyu mtoto haya yote yasingetokea. Vedastus ni mwana wa pili wa Anyesi. Alikaa seminari miaka minne, akatoka au akatolewa, inategemea unamwuliza nani, akaishia kufundisha historia sekondari moja ya Moshi mjini, kapanga vyumba viwili pale mtaa wa Soweto. Krismasi ya mwaka tisini na sita alikuja nyumbani na kitabu. Wenzake walikuja na vitenge na redio kaseti, yeye akaja na kitabu, na mbege, ile pombe ya ndizi, ilipozunguka mara ya tatu akaanza kukihubiri.

Alisema hakuna mahali katika Injili palipoandikwa tarehe ishirini na tano Desemba. Alisema huko Ulaya mwezi ule jua huondoka mapema kama karani wa serikali, siku inakuwa kipande, baridi inaua kila kitu, mpaka karibu na tarehe ishirini na moja ndipo jua linapogeuka kuanza kurudi. Watu wa kale, kabla hata hawajasikia ubatizo, walipofika hapo waliwasha moto, wakalewa, wakachinja. Warumi walikuwa na sikukuu yao ya jua. Watu wa kaskazini kabisa walikuwa na yao, wakila nguruwe mpaka wakalala walipokaa. Waajemi walikesha usiku ule mrefu wakila matunda. Wayahudi nao huwasha taa zao siku nane majira hayo, ingawa wao wana sababu yao ya hekalu. Hata Wahindi wa pale Moshi, alisema, Januari hutengeneza vitamu vya ufuta na sukari guru kwa kuwa jua limegeuka. Wapo wanaosema Kanisa lilipofika liliwakuta watu wamekwisha kulewa, likaona badala ya kuwanyang'anya vikombe ni afadhali liwape sababu mpya ya kunywa.

Ildefonce alisema sasa ameelewa kwa nini seminari ilimtapika. Vedastus, kwa kuwa mbege haina adabu, akamjibu kwamba babu yao mwenyewe, baba yake Ildefonce, alikuwa akisimama mlangoni asubuhi, anatema mate kuelekea jua linapochomoza huku akimwita Ruwa, Mungu wa wazee. Hakuwa mbali na Warumi, alisema, alikosa tu kanisa la mawe. Watu wakatazama chini. Ildefonce akaweka kata ya mbege kando.

Anyesi alikuwa amechuchumaa karibu na mlango wa jiko akiosha utumbo. Hakujali Warumi wala hakujali jua. Aliuliza swali moja tu: kama watu wale walikuwa wamelimisi jua, si wangewasha moto yakaisha? Kuchinja kulitoka wapi?

Vedastus akafurahi, maana mwalimu akipata swali hana tena adui. Akamweleza kwamba ilikuwa ni habari ya majani. Theluji ilifunika malisho, na nyasi kavu walizoweka akiba hazikutosha kuwavusha wanyama wote mpaka joto lirudi. Wale wasioweza kuvushwa wakachinjwa. Nyama ikishakuwa nyingi namna ile na haiwezi kungoja, sikukuu inajileta yenyewe, dini inafuata baadaye kuomba kiti.

"Na huko," Anyesi akauliza, "nani alikuwa anakata majani?"

Vedastus akafungua kitabu, akatafuta mbele, akatafuta nyuma. Kitabu hakikusema.

"Basi kimeandikwa na mla kidari," alisema Anyesi, akarudi kwenye utumbo wake.

Wanaume walicheka sana. Ronald, mtoto wa Ildefonce mwenye duka Kariakoo, alicheka mpaka akamwagia mbege suruali yake ya kitambaa cha ng'ambo. Anyesi hakucheka, kwa sababu hakuwa ametania.

Neno lile lilimwingia na halikutoka. Mwaka mzima uliofuata, akipanda mlima na mzigo wake, alilitafuna. Kumbe sikukuu ilianza majani yalipokwisha. Lakini Tarakea mwezi wa Desemba majani hayajaisha, mvua za vuli zimetoka tu kunyesha, huko tambarare yanakufika kiunoni. Mtu mwenye akili zake anamchinja vipi mnyama wakati chakula chake ndiyo kwanza kimeota? Tumeazima sikukuu ya watu wenye theluji, akawaza, tukaiacha sababu yake hukohuko kwao. Sisi theluji yetu iko juu ya Kibo, haijawahi kushuka kufunika malisho ya mtu. Hapa majani yanakwisha Septemba, na Septemba hakuna anayemkumbuka Yesu wala Anyesi.

Na ile Septemba ya mwaka tisini na saba ilikuwa kiboko. Masika yalikuwa yamepita kwa dharau, yamenyunyiza na kuondoka. Tambarare ilibaki vumbi. Wanawake walitembea mbali zaidi kila wiki, wakarudi na mizigo ya vijiti, wakakatakata magomba kuongezea, na dume wa Anyesi mwaka ule alikuwa na tumbo lisilojua habari za ukame. Shingo ya Anyesi ikaanza kumuuma upande mmoja. Alikwenda zahanati, mganga akamwambia aache kubeba. Akamwuliza nani atabeba. Mganga akafikiri kidogo, akamwandikia Panadol.

Njiani alikuwa na wenzake wawili wa siku zote. Mmoja ni Salvina, Mpare aliyeolewa na fundi cherehani, Msabato wa kuzaliwa. Mwingine ni Mwanaidi, mke wa mchinjaji wa sokoni Tarakea, Mwislamu. Katikati ya mlima pana jiwe pana ambapo wanawake hutua mizigo, na siku moja mwishoni mwa Septemba, wametua mizigo isiyotosha hata mbuzi, Anyesi aliwasimulia habari za kitabu. Mwanaidi akasema Idi yao haina habari na majani wala kahawa, inafuata mwezi na inatembea. Alipoolewa ilikuwa Julai kwenye baridi, safari hii inakuja Januari kwenye joto, na Julai au Januari yeye yuko jikoni. Salvina akasema wao Krismasi hawana kabisa kwa kuwa tarehe haijulikani. Lakini Jumamosi hashiki mundu hata kama ng'ombe atalia mpaka Himo, na hilo peke yake lilitosha kumhakikishia kwamba dini yake ni ya kweli.

Wakacheka. Dini tatu zilikuwa zimekaa juu ya jiwe lile, na kati ya sikukuu zote zilizohesabiwa hakuna hata moja iliyokuwa ya mbeba majani.

"Basi tuianze," alisema Anyesi.

Walidhani anatania. Alikuwa amekwisha kuamua, na alikuwa amekwisha kuogopa pia. Dume alikuwa uzao wa ng'ombe wake mwenyewe, ila jambo la kuchinja lilikuwa la ukoo, na mwanamke kuchinjisha dume wa Krismasi ni jambo ambalo hata lugha haikuwa imeliwekea jina. Bahati ilikuwa kwamba Ildefonce hayupo. Tangu Agosti alikuwa Shirimatunda kwa binti yake akitibiwa miguu, na mbwa wake, Komando, alikuwa ameachiwa majirani. Komando huyu alikuwa mbwa mnene kuliko mbwa wote wa kata ile, wengine walisema kuliko diwani, lakini bila bwana wake alikuwa ameanza kupungua mashavu.

Jumanne iliyofuata mume wa Mwanaidi alipanda na kisu chake. Aliuliza wanaume wa nyumba wako wapi, Anyesi akamwambia wako Dar. Aliuliza kama wanajua. Akamwambia watajua. Mtu wa watu akasema bismillahi, akamaliza kazi yake kwa ustadi, akapewa ini, akashuka haraka kabla hajaulizwa chochote. Damu ilimwagika chini, hakuna aliyekinga ya kupikia kisusio, ile supu ya damu, na hakuna aliyekufa kwa kukosa kisusio.

Wakaja wanawake kumi na wanne, wote wa njia ya majani. Waligawa nyama kwa namna yao. Mwenye mgongo mbovu akapewa paja. Mwenye watoto wengi akapewa mbavu. Mwenye mama mkwe mkali akapewa ulimi, ampelekee, labda utamsaidia. Mtori, ule uji wa ndizi na nyama, ukapikwa sufuria mbili, na utumbo wakauzika nyuma ya banda bila kuuosha, kwa furaha ambayo siwezi kuieleza. Mwanaidi alipiga vigelegele wakati wa kuuzika. Na kidari kikabanikwa pale uani, polepole, mafuta yakidondoka kwenye makaa.

Komando alikuja kwa harufu. Nyama ilikuwa imetapakaa kila mahali, paja huku, mbavu kule, lakini yule mbwa alipita vyote hivyo bila kugeuza shingo, akaja kuketi mbele ya kidari, mkia umetulia, kama mtu aliyefika kwenye kiti chake cha kila mwaka. Anyesi alimfukuza mara mbili. Alirudi palepale. Wakati ule hakuliwazia sana jambo lile.

Kisha akakata kidari, akatia mdomoni.

Ilikuwa nyama. Nyama tu, mabibi na mabwana, tena ngumu, yenye mafuta ya kugandia kwenye fizi, ya kutafunwa mpaka taya lichoke. Anyesi aliitafuna muda mrefu huku wenzake wakimtazama. Aliona hasira, akamkasirikia Kastori kwa kuahidi kitu asichokijua kwa uso mzuri namna ile. Halafu akamkumbuka vile alivyokuwa ameahidi, na alivyokufa bila yeye mwenyewe kuonja, na hapo machozi yakamtoka waziwazi. Salvina akamwuliza kama ni kitamu. Akamjibu ni haki yake, si utamu. Akakigawa kwa wote kumi na wanne, kila mmoja kipande, na wote wakatafuna mpaka mwisho.

Miezi mitatu hakuna aliyesema neno. Anayesema wanawake hawatunzi siri hajawahi kuwapa nyama.

Mwaka ule mvua ikaja kulipiza. Ni ile ya El Nino, mnaikumbuka, iliyoanza Oktoba ikasahau kukoma. Madaraja yakaondoka, barabara ikawa uji. Tarehe ishirini na nne Desemba ukoo ulifika ukiwa umeacha magari yote chini, likiwemo Pajero la Ronald lililozama mpaka milangoni, na wanaume wakapanda mlima kwa miguu, suti zimekunjwa magotini, masanduku yako kichwani. Walifika wanahema, wameshika shingo. Anyesi alisimama mlangoni akiwatazama wanavyotua mizigo, akawapa pole. Kwa kweli aliwaonea huruma kidogo, na kwa kweli alifurahi.

Ildefonce naye alirudi siku hiyo kutoka Shirimatunda, wawili wamemshika mikono. Ronald akaenda bandani kumtazama dume. Alikuta banda limefagiwa. Alirudi amebadilika rangi, akauliza, na Anyesi akamjibu bila kuzunguka kwamba dume ameliwa Septemba, kwa maana Septemba ndipo majani yalipokwisha, na kama wana swali la kidini wamwulize Vedastus. Vedastus, aliyekuwa anakunywa chai, alipaliwa mpaka akapigwa mgongo.

Siku ya Krismasi, baada ya misa, walikula kiburu. Ndizi na maharage, watu wazima wa Kariakoo, siku ya kuzaliwa Bwana. Kisha Ildefonce akaita ukoo ndani, mvua ikipiga bati, na katikati ya chumba wakaweka kigoda, juu ya kigoda wakaweka jani la isale. Hakuna haja ya kumweleza mtu wa mlimani, lakini kwa wageni nitasema: anayemwomba mwenzake radhi humkabidhi jani hilo, na anayekabidhiwa hawezi kukataa, hata kama ameuliwa mzazi. Isale haikataliwi. Lilikuwa limewekwa pale ili Anyesi alichukue, apige magoti, amkabidhi shemeji yake mbele ya wote.

Ronald alisoma mashtaka kwa mdomo. Kuchinja bila ukoo. Kugawa bila ukoo. Kumwita mchinjaji wa nje. Alipofika kwenye kidari akashindwa kuendelea, ikabidi baba yake amalizie. Mzee akauliza kidari alikula nani.

"Nilikula mimi," alisema Anyesi.

Ildefonce akaeleza taratibu, macho yameelekea juu, kwamba tangu mababu, kidari hakijawahi kuingia kinywani mwa mtu asiyekuwa mkubwa wa ukoo huu. Alisema kidari si nyama, ni heshima. Alisema yeye mwenyewe kila mwaka, akikitafuna, huwa anawakumbuka wote waliokitafuna kabla yake.

Komando alikuwa amelala mlangoni, anakausha manyoya. Anyesi alimtazama yule mbwa. Akakumbuka alivyokuja siku ile akapita mapaja na mbavu kwenda moja kwa moja kwenye kidari. Akakumbuka jana yake na leo, mzee ameletewa kiburu akakiponda kwa kijiko mpaka kikawa uji, na miaka yote hii kwenye sherehe ni mtori, mtori, supu, mtori. Akakumbuka mdomo uliofumbwa kama wa askofu. Aliona anachotaka kukisema, na akaona kwamba kikishatoka hakirudi.

"Shemeji," alisema, "fungua kinywa."

Ronald alisimama. Kuna shangazi aliyefanya ishara ya msalaba. Anyesi hakumwondolea macho mzee, na wala hakurudia. Ildefonce alikuwa na miaka sabini na sita, miguu imevimba, amekula ndizi iliyopondwa siku ya Krismasi, na labda alikuwa amechoka kufumba. Akafungua kinywa.

Meno yalikuwa mawili, moja juu, moja chini, na hata hayo hayakuwa yanakutana.

"Tangu lini?" Anyesi akauliza.

"Themanini na tano," alisema Ildefonce.

Hakuna aliyeuliza kidari kilikwenda wapi miaka hiyo yote. Wote waligeuka mmoja mmoja kumtazama Komando. Kabla yake palikuwa na mama yake, naye alikufa kwa unene. Vedastus alitaka kucheka akaona uso wa mama yake, akaacha. Anyesi alikuwa anahesabu. Miaka kumi na miwili. Asubuhi zote zile, shingo ile, Kastori akiwa hai miaka sita katika hiyo, ameketi palepale kwenye migomba akiitazama nyama inayokwenda kwa mbwa, akimwambia mkewe subiri, ipo siku.

"Ungeniambia unakitaka," mzee alisema kwa sauti ndogo, "ningekupa."

"Mbele ya nani?"

Ildefonce alifikiri kweli, hilo lazima nimpe. Hakudanganya tena. Alijisogeza kwenye kiti, akanyoosha mkono kwenye kigoda, akachukua lile jani la isale. Watu walidhani anampa Anyesi ili aanze kupiga magoti. Lakini alilishika kwa mikono miwili, kama alivyozoea kushika kidari, akainamisha kichwa, akamnyooshea yeye.

Anyesi alilitazama. Ujanja ulioje wa watu hawa, hata kusamehe wanakuharakisha. Hakuwa tayari. Alikuwa na hasira ambayo ingemtosha mpaka Pasaka, na sasa alikuwa anaporwa hata hiyo, mbele ya watu, kwa desturi ambayo hakuweza kuivunja, maana alikuwa amekwisha kuvunja moja mwaka ule na hakutaka kuzimaliza zote. Akalipokea. Shangazi akaanza kupiga vigelegele, Ronald akapumua, mtu mmoja nyuma akasema Mungu ni mwema.

Anyesi akatoka. Walimsikia akivuka uani kwenye matope mpaka bandani. Aliporudi alikuwa na ile kamba yake ya katani, imelowa, imeshika rangi ya miaka. Akaikunja vizuri, akaiweka mapajani mwa Ildefonce.

"Hii nayo haikataliwi, shemeji," alisema.

Vigelegele vikakatika. Mzee aliipapasa ile kamba kwa vidole, akapakuta mahali ulipokaa uzito, pembamba kuliko kwingine. Alimtazama Ronald, akawatazama wengine wote wa Dar na Mwanza na Nairobi, na kila aliyetazamwa akajishika shingo.

"Na mundu," Ildefonce akauliza, "unawekaga wapi?"